Jinsi ya Kushindwa Skwati kwa Heshima, Kibaha na Kisarawe

Utashindwa, ndugu yangu. Anza na hilo, maana ndilo litakalokuokolea fedha. Siku moja, pengine kabla ya Ramadhani ijayo, utachuchumaa na uzito mabegani, utafika chini, na magoti yatakataa kukurudisha juu. Kila anayebeba vyuma kwa bidii hufika hapo. Asiyefika hajawahi kuongeza uzito.

Stendi ya skwati inatengenezwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Kushika chuma kabla hujaanza ni kazi ambayo hata kuta mbili za tofali zinaiweza. Kukudakia kinapokushinda ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo watengenezaji wa bei rahisi wanayoikwepa. Kwa hiyo tukubaliane mapema: mimi na wewe tutachakachua kila kitu, isipokuwa mikono ya kudakia, ile inayotokeza kwenye nguzo kupokea chuma ukishindwa.

1. Tumia majivuno yako

Usijisumbue kujikana. Unataka picha. Unataka shemeji akija Jumapili aone chuma uani na aulize ni cha nani. Vizuri sana, hamu hiyo ina nguvu kuliko ushauri wa daktari, basi ifanyie kazi. Weka stendi mahali inapoonekana kutoka getini, usiifiche stoo nyuma ya magunia. Ukiiacha wiki moja, mpangaji wa jirani atakuuliza, na utarudi kuchuchumaa kwa aibu. Aibu hailipiwi, na haina siku ya mapumziko.

2. Pima kabla hujasikia bei

Ukienda dukani bila vipimo utauziwa rangi. Chuma kirefu cha mashindano, kile cha kilo 20, kina urefu wa mita 2.2, na kati ya ncha nene zinazopokea pleti kuna sentimita 131. Stendi lazima ikae ndani ya nafasi hiyo. Upana wa nje wa sentimita 120 unakuachia zaidi ya sentimita 5 kila upande, zinatosha kurudisha chuma bila kulenga kama mwindaji. Ikiwa pana zaidi, utabana vidole. Ikiwa nyembamba mno, ukitoa pleti upande mmoja tu chuma kinapinduka na kuvunja kigae cha baraza.

Kama chuma chako ni kifupi, cha futi 5 au 6, kipime chenyewe kwanza, ndipo ukitafutie stendi. Watu wengi hununua stendi kisha hutafuta chuma cha kuitosha, na hapo ndipo bajeti inapofia.

Sasa upime mwili wako. Simama wima, ndoano za kupokelea chuma ziwe usawa wa kwapa, ili ukunje magoti kidogo kuingia chini yake. Ukilazimika kusimama kwa ncha za vidole kukitoa chuma, utalazimika kufanya hivyo hivyo kukirudisha, ukiwa umechoka. Halafu chukua ufagio, uweke mabegani, chuchumaa hadi mwisho wako wa kweli. Mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye ufagio, kisha utoe sentimita 4. Hapo ndipo mikono ya kudakia itakaa. Iandike namba hiyo ukutani kwa mkaa, maana utaihitaji kwa fundi na utaihitaji tena kila mgeni anapotaka kujaribu.

3. Bomba mbili zinatosha

Hapa kuna siri ambayo haimfurahishi muuza stendi: chuma kinachohitajika ni kidogo. Nunua bomba mbili za mraba, inchi 2 kwa 2, za mita 6 kila moja.

Bomba la kwanza linatoa nguzo mbili za mita 1.8 na miguu miwili ya mita 1.2, na linaisha lote. La pili linatoa viungo viwili vya mita 1.1 vya kushikanisha nguzo, kimoja chini na kimoja juu, vishikizo vinne vya pembeni vya sentimita 45, na mikono miwili ya kudakia ya sentimita 60. Kinabaki kipande cha kutengenezea ndoano. Msumeno hula milimita chache kila unapokata, na mabomba mengine hufika yakiwa pungufu ya mita 6, basi punguza nguzo. Mikono iache kama ilivyo.

Mguu uende mbele zaidi kuliko nyuma, kwa sababu mbele ndiko utakakosimama na ndiko uzito utakakoangukia. Na nguzo ziungane. Zile stendi mbili zinazosimama kila moja peke yake ndizo za bei rahisi kuliko zote, na zinavutia kwa kuwa zinaingia hata chini ya kitanda. Ziache. Ukirudisha chuma kikaigonga moja tu, moja inakwenda Mlandizi na nyingine inabaki Maili Moja.

4. Mpime muuzaji kwa kilo

Hapa ndipo fedha inapoliwa. Mabomba yote ya mbili kwa mbili yanafanana kwa nje, na yote yamepakwa mafuta yaleyale. Tofauti iko kwenye unene wa ukuta wa bomba, na muuzaji atakutajia geji. Angalia mchezo: geji ikipanda namba, bati linapungua unene. Geji 18 ni milimita 1.2 hivi, geji 16 ni milimita 1.6. Mnunuzi asiyejua husikia 18 akadhani amependelewa.

Wewe omba milimita 3. Ukikosa, chukua 2 na usishuke hapo. Kisha usiamini mdomo, amini mizani. Bomba la mita 6 la unene wa milimita 1.2 lina kilo 11 hivi. La milimita 2 lina kilo 18. La milimita 3 linakaribia 27. Nenda na mizani ya kupimia watu, panda peke yako, panda tena ukiwa umeshika bomba, toa hesabu. Watu watacheka dukani, waache wacheke. Bomba la milimita 3 hukataa kupinda kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya lile la 1.2, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mkono unaodaka na mkono unaoinama kukuonyesha njia ya Hospitali ya Tumbi. Pale Tumbi wana kazi ya kutosha ya ajali za Barabara ya Morogoro. Usiwapelekee na mgongo.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa stendi iliyokwisha tengenezwa, ya Kariakoo au ya mkononi. Inyanyue upande mmoja. Ikipanda kirahisi, mwachie mwenyewe.

Mkononi, hasa, usipadharau. Gym ikifungwa mahali popote kati ya Kimara na Kibaha, nenda siku ileile. Anayefunga ana deni la pango, na vyuma ni vizito kuhamisha. Fika na toyo mlangoni na fedha taslimu, kisha nyamaza. Ukimya mbele ya mtu anayetakiwa kuondoa vitu leo ni punguzo kubwa kuliko maneno.

Jambo moja halina mzaha. Usinunue chuma cha bei ya kutupa ambacho muuzaji hawezi kueleza kilikotoka. Mkoa wetu wa Pwani unapitiwa na Reli ya Kati, na TAZARA kule Kisarawe, na sasa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapita Soga. Kipande cha reli kinapendeza kama uzito, lakini kikiwa kimeng'olewa njiani kuna gari moshi zima linalokitegemea, na mahakamani hakuna atakayesikiliza habari za mapaja yako.

5. Fundi mwambie ni stendi ya tangi

Kibaha imejaliwa mafundi wa kuchomelea. Wanatengeneza mageti, madirisha, vitanda na fremu za matangi ya maji. Ukimwambia fundi unataka kifaa cha gym, mawili yatatokea: bei itapanda, kwa kuwa gym ni starehe ya wenye nazo, au kazi itakuwa nyepesi, kwa kuwa ataona ni mapambo.

Basi mwambie unataka fremu ya kubeba simtank la lita 500. Bei ya kazi hiyo anaijua na hawezi kuibuni. Uzito anaujua pia: maji lita 500 ni kilo 500, na hakuna fundi wa Kibaha anayetaka kuitwa kuangalia tangi lililodondoka. Mkishakubaliana bei ya ufundi, na vifaa umenunua mwenyewe, ndipo umwonyeshe mchoro. Atacheka, na chomeleo atakalopiga litakuwa la tangi.

Sasa msimamie kwenye mambo matatu.

Matobo yatobolewe kwa drili, yasichomwe kwa kijiti cha kuchomelea. Tobo la kuchomwa ni pana upande mmoja na jembamba mwingine, na pini inacheza ndani yake. Yawe ya milimita 16, kila sentimita 5, kutoka usawa wa goti hadi usawa wa bega. Pini yake ni bolti nene, ile ya kufungwa kwa spana namba 24. Asiye na drili ya kutosha atakuambia tobo la kuchoma ni lilelile. Mlipie drili ya jirani yake.

Mkono wa kudakia uishike nguzo kwa kola ya bamba nene inayoizunguka pande tatu, kisha bolti ipite. Mkono uliochomelewa moja kwa moja kwenye nguzo una kimo kimoja tu maisha yake yote, na kimo hicho kitakuwa cha fundi.

Na rangi isipakwe kabla hujaona. Sema hivyo siku ya kwanza, mbele ya msaidizi wake. Chini ya rangi na puti ya kuzibia nyufa kunaweza kulala chomeleo lolote. Fika wakati chuma bado kiko uchi, gonga kila kiungo kwa nyundo, angalia kama chomeleo limezunguka au limeguswa pembe mbili tu. Ukiridhika, apake rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu ndiyo ile rangi yako ya picha. Hewa ya Pwani ina unyevu, na kutu huanzia ndani ya miguu, kwa hiyo ziba midomo ya mabomba.

6. Ukiwa Kisarawe, chimba

Kisarawe hesabu inabadilika. Maduka ya mabomba ni machache, na kuyatoa Gongo la Mboto kupita Pugu na Minaki hadi juu kilimani ni nauli nyingine. Ukiamua kwenda na chuma, kata vipande palepale dukani. Mita 6 hazipandi bodaboda, na anayekubali kuzipandisha usimpande na wewe.

Lakini wewe wa Kisarawe una kitu ambacho wa Maili Moja aliyepanga chumba hana: kiwanja, na ardhi isiyo na sakafu. Tumia miti. Vijiwe vya vyuma vya pwani vimefanya hivyo tangu zamani: magogo mawili yenye panda, yamesimikwa, chuma kimelala juu. Wewe ongeza jozi ya pili, fupi, mbele yake, yenye kimo cha ile namba ya ufagio, na uiunganishe na ile ya nyuma kwa mti mnene uliolala kila upande. Hiyo ndiyo mikono yako ya kudakia, na uimara wake unashinda chuma kingi cha dukani.

Nunua mirunda ya mkaratusi kwa muuza miti wa halali, unene wa sentimita 15. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uache, ni hifadhi, na umekatwa vya kutosha. Chimba mashimo ya sentimita 70. Menya magome, paka oili chafu sehemu yote itakayozikwa, acha ikauke siku kadhaa, kisha simika kwa zege. Mchwa wa Kisarawe hawana haraka, lakini hawasahau. Kila masika yakiisha, tikisa nguzo. Ikicheza, usiibembeleze kwa kabari. Ing'oe usimike nyingine.

7. Uzito wa saruji una faida usiyoitarajia

Pleti za chuma ni ghali kuliko stendi. Basi zifinyange. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, na chuma kinapita 7,800. Maana yake kilo 20 za zege zinakuwa kubwa zaidi ya mara tatu ya kilo 20 za chuma. Unaona ninakokupeleka. Duara la zege la upana wa sentimita 45 na unene wa sentimita 5 na kidogo lina kilo 20 tu, lakini kwenye picha linaogopesha. Yule shemeji hatauliza kilo ngapi.

Tafuta beseni pana liwe kifinyangio, simamisha kipande cha bomba la plastiki katikati, laza wavu wa waya ndani ili lisipasuke, mimina. Ukiwa Kibaha, kokoto za Lugoba zinapita mlangoni kwako kwa malori kila siku, huna sababu ya kutumia mchanga mtupu. Limwagilie maji wiki nzima, na usilibebe kabla ya siku 28. Halafu pima kila moja kwa mizani na uandike namba ya kweli upande wa ndani. Upande wa nje andika unachotaka, hiyo ni siri yako. Ndani usidanganye, kwa sababu kushoto na kulia lazima vilingane, na uti wa mgongo hausomi rangi.

Atakayekucheka mwambie habari za Paul Anderson wa Marekani, bingwa wa Olimpiki ya Melbourne ya 1956 katika kunyanyua uzito. Huyu alijijenga nyumbani kwa mapipa yaliyojazwa zege na vyuma chakavu. Na alipotaka uzito uliozidi uwezo wake wa kuchuchumaa, alichimba shimo, akasimama ndani yake ili uzito uwe karibu na mabega, akaunyanyua hatua fupi, kisha akawa analifukia shimo kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyokua. Shimo na koleo. Wa Kisarawe, hapo umesikia.

8. Anguka siku ya kwanza

Kabla hujapiga picha, kabla hujaongeza pleti, shindwa kwa makusudi. Weka chuma kitupu, chuchumaa hadi chini, kaa hapo, kisha kishushe taratibu juu ya mikono ya kudakia na utoke kwa mbele, kichwa kikiwa juu. Rudia na pleti ndogo. Rudia hadi mwili uzoee kwamba kushindwa ni kushuka na kutoka, bila kelele, bila kujipinda kiuno kutafuta kuokoa chuma. Wanaoumia wengi ni wale wanaojaribu kuuokoa uzito kwa ajili ya watazamaji.

Ukimaliza, simama, pangusa mikono, sema kwa sauti ya kawaida, "Hiyo ilikuwa ya mwisho leo." Watazamaji wote wataamini ulipanga. Hakuna njia ya kushindwa yenye heshima kuliko hiyo, na inawezekana tu kama mikono ya stendi iko usawa wa ile namba ya ukutani.

Chini ya miguu ya stendi weka vipande vya tairi la lori. Vinalinda sakafu, na vinamlinda baba mwenye nyumba asikusikie saa 11 alfajiri.

9. Nyumbani

Usiombe ruhusa ya stendi ya skwati. Tangaza kwamba umeleta kitu cha watoto kuning'inia na cha kuanikia mablanketi. Kisha timiza ulichosema: kile kiungo cha juu kinafaa kwa yote mawili, na ndiyo sababu nilikuambia ukiweke. Siku za kufua ziheshimu kabisa. Stendi iliyovaa mashuka Jumamosi haifukuzwi Jumatatu.

10. Ukiacha

Wengi wataacha. Ukijiona miezi miwili hujaongeza hata kilo moja, na mashuka yanaitumia stendi kuliko wewe, iuze ikiwa bado na rangi. Ioshe, weka pleti zote kubwa, piga picha asubuhi jua likiwa upande mmoja ili lionyeshe unene wa bomba, na taja unene na kilo kwenye tangazo, kwa sababu mnunuzi mwenye akili atauliza na asiye na akili atavutiwa. Pleti za zege mpe bure kama nyongeza, maana zinamfanya ajione amepata bahati, nawe umeokoa nauli ya kuzitupa.

Mikono ya kudakia iende pamoja na stendi. Akikuomba upunguze bei abaki na nguzo tu, mikono utamuuzia baadaye, mkatalie, hata kama ndiye mteja pekee wa wiki hiyo. Na kabla hajapakia kwenye toyo, mpe ufagio, mwambie achuchumae, mpimie namba yake.